Kusoma ALAT, ASAT na gamma-GT Bukavu, na namna ya kupima habari za jeni zinazotoka Korea

Karatasi ya labo inasema ALAT, kimojawapo cha vimeng'enya vya ini, ni 52 (uniti kwa lita). Kwenye simu kuna habari kwamba Wakorea wamegundua jeni zinazopandisha vimeng'enya vya ini. Wengi huunganisha hayo mawili papo hapo na kusema, "Basi hii ni ya ukoo." Mwongozo huu ni wa muuguzi, fundi wa labo, mwanafunzi wa udaktari na yeyote mwenye karatasi ya namna hiyo mkononi, awe Ibanda, Kadutu au Bagira hapa Bukavu, Kivu ya Kusini. Jeni zina nguvu ya kweli juu ya vimeng'enya hivi, lakini huulizwa mwisho: kwanza bomba la damu, kisha malaria, mizigo, pombe, dawa na virusi. Na namba za jeni zilizopatikana Korea hazitumiki Kivu kama zilivyo. Tutaonyesha namna ya kuzipima.

Kila namba inatoka wapi

ALAT iko kwa wingi ndani ya seli za ini, kwa hiyo ikipanda peke yake ini ndilo mshukiwa wa kwanza. ASAT iko kwenye ini, misuli, moyo na chembe nyekundu za damu. Gamma-GT inatoka zaidi kwenye njia za nyongo, na hupanda kwa pombe na kwa dawa fulani hata pale seli za ini hazijaumia. Fosfataze alkalini inatoka kwenye njia za nyongo, mifupa, utumbo na kondo la nyuma. Kijana anayerefuka na mama mwenye mimba ya miezi minane watakuwa nayo juu bila ugonjwa wowote.

Muda wa kupungua nao hutofautiana. ASAT hupungua nusu katika saa 17 hivi, ALAT katika saa 47 hivi, gamma-GT huchukua juma moja au zaidi. Kwa hiyo aliyekunywa dawa mbaya siku kumi zilizopita anaweza kuwa na ASAT ya kawaida, ALAT inayoshuka na gamma-GT ambayo bado iko juu. Ni ini lilelile, linasomwa kwa saa tatu tofauti.

Damu yenyewe: hapa ndipo makosa mengi yanapoanzia

Chukua mililita 4 hadi 5 za damu ya mshipa kwenye bomba kavu (lisilo na dawa ya kuzuia kuganda). Kamba ya mkono isizidi dakika moja, na mgonjwa asifungue na kufunga ngumi mara nyingi. Ukitumia sirinji, toa sindano kabla ya kumimina, na uache damu iteremke ukutani mwa bomba. Damu ikisukumwa kwa nguvu kupitia sindano nyembamba, chembe nyekundu hupasuka, na ndani ya chembe hizo ASAT ni mara 40 hivi ya ile iliyo kwenye plazma. Seramu (maji yanayobaki damu ikiganda) ikiwa ya pinki, ASAT unayosoma ni ya chembe zilizopasuka. ALAT haiharibiki kiasi hicho. Ndiyo maana ukiona ASAT 85 na ALAT 24, kitu cha kwanza ni kurudi kwenye bomba na kuangalia rangi.

Acha damu igande dakika 30, zungusha kwenye santrifuji kwa dakika 10, kisha tenga seramu ndani ya saa mbili. Seramu iliyotengwa hukaa vizuri kwenye friji ya nyuzi 4 kwa siku kadhaa. Usiigandishe kwenye friza ya kawaida ya nyuzi 20 chini ya sifuri ukitegemea kupima ALAT baadaye, kwa sababu ALAT hufa kwenye baridi hiyo. Inataka nyuzi 70 chini ya sifuri. Umeme ukikatika usiku kucha, friji ikapanda joto na kushuka tena, andika kwenye daftari saa ulipokatika na ulipowaka. Kitendanishi (kemikali ya kupimia) kilichopata joto hupoteza nguvu polepole na majibu huteremka bila kelele. Seramu ya udhibiti ya asubuhi, ile yenye thamani inayojulikana, ndiyo itakayokuonyesha. Ikiwa nje ya mipaka, usitoe jibu la mgonjwa yeyote hadi ijulikane kwa nini.

Kwa wanaopima kwa mkono: mikrolita 100 za seramu kwa mikrolita 1,000 za kitendanishi, nyuzi 37, wimbi la nanomita 340, unasubiri dakika moja kisha unasoma kila dakika kwa dakika tatu. Wastani wa kushuka kwa ufyonzaji wa mwanga kwa dakika unazidishwa kwa kigezo kilichochapishwa kwenye boksi, ambacho kwa ujazo huu hukaribia 1,750. Ukipima kwenye nyuzi 25 kwa sababu kipasha joto hakifanyi kazi, utapata karibu nusu ya thamani ya kweli. Kuna kosa la hatari zaidi: mgonjwa mwenye ALAT ya maelfu anaweza kusomeka 15. Kimeng'enya ni kingi kiasi kwamba NADH yote (kemikali ya kitendanishi ambayo kupungua kwake ndiko kunakosomwa) inamalizika kabla ya usomaji wa kwanza, na mstari unabaki bapa. Dalili yake ni mwanzo ulio chini sana tangu dakika ya kwanza. Changanya sehemu moja ya seramu na sehemu tisa za maji ya chumvi ya asilimia 0.9, pima tena, zidisha kwa 10. Mgonjwa mwenye macho ya manjano na ALAT ya 15 arudiwe hivyo kabla jibu halijatoka.

Maswali kabla ya kuhukumu

Mzigo. Mama anayebeba gunia kutoka bandarini hadi Kadutu, au kijana anayepakua sementi, anaweza kuwa na ASAT mara mbili au tatu ya kawaida kwa sababu ya misuli tu, na hali hiyo hudumu siku kadhaa. ALAT nayo hupanda kidogo. Pima CK (kimeng'enya cha misuli) kama inapatikana. Kama haipatikani, mwombe apumzike na mizigo kwa siku saba, kisha rudia. Gamma-GT ya kawaida huunga mkono misuli, kwa kuwa misuli haina gamma-GT ya kuhesabika.

Malaria na homa nyingine. Malaria hupandisha transaminaze (ALAT na ASAT) na kushusha plaketi (chembe za kugandisha damu). Taifodi vilevile. Mwenye homa atibiwe kwanza, vipimo vya ini virudiwe baada ya majuma mawili hadi manne.

Pombe. Usiulize "Unakunywa?" Jibu litakuwa "kidogo". Uliza hivi: "Mzee, juma lililopita kasiksi ulikunywa siku ngapi? Na siku hiyo vikombe vingapi? Primus kubwa ngapi? Kanyanga je?" Andika siku, aina na kiasi. Chupa ya sentilita 72 yenye nguvu ya asilimia 5 ina gramu 28 hivi za pombe halisi. Kasiksi, pombe ya ndizi, haina nguvu inayofanana kutoka nyumba moja hadi nyingine, kwa hiyo andika vikombe na usijidai kujua gramu. Pombe hupandisha gamma-GT, na ASAT huwa juu kuliko ALAT, mara nyingi zaidi ya mara mbili.

Dawa. Taja moja moja: dawa za kifua kikuu, za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, za kifafa, paracetamol na idadi ya vidonge kwa siku, na dawa za miti. Mtu hatakuambia mubirizi ni dawa mpaka uutaje kwa jina. Fenobarbital na fenitoini hupandisha gamma-GT peke yake kwa kulichochea ini kuitengeneza kwa wingi, na hilo si sababu ya kukatisha dawa ya kifafa.

Virusi. Kila mwenye ALAT iliyobaki juu katika vipimo viwili apimwe antijeni HBs (alama ya homa ya ini B) na kingamwili za homa ya ini C. Katika eneo letu hatua hii haina badala. Jeni zote za Korea zikijumlishwa hazitampa Mbukavu mmoja faida sawa na kipande hicho kimoja cha kipimo cha haraka.

Mafuta. Pima kiuno, uzito na sukari. Ini lenye mafuta limeingia mjini pamoja na kazi za kukaa, mikate na vinywaji vitamu.

Mtu anayetoka upande wa Uvira, aliyezoea kuoga ziwani au kuvuka vijito, aongezewe kipimo cha kichocho kwenye choo. Kichocho cha tumbo kinaweza kupandisha gamma-GT huku ALAT ikiwa tulivu.

Kikomo kipi?

Karatasi moja itaandika 40, nyingine 45, na zote mbili zinaweza kuwa zimenakili boksi la kitendanishi. Korea ina somo la moja kwa moja hapa. Watafiti waliwachukua watu waliojitolea kutoa sehemu ya ini kwa ndugu zao, ambao ini lao lilichunguzwa kwa kipande cha nyama na kukutwa zima, wakapata kikomo cha ALAT cha 33 kwa wanaume na 25 kwa wanawake. Matokeo hayo yalichapishwa 2010. Kabla ya hapo, 2004, uchunguzi wa wanaume 94,533 na wanawake 47,522 wa Korea wenye umri wa miaka 35 hadi 59, waliofuatiliwa miaka minane, ulionyesha kwamba hatari ya kufa kwa ugonjwa wa ini huanza kupanda hata ndani ya kile kilichoitwa kawaida. Wakati huo homa ya ini B ilikuwa imeenea Korea, na hali hiyo inatuhusu sana.

Kwa mgonjwa wa homa ya ini B, tumia kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha 2024: 30 kwa wanaume, 19 kwa wanawake. Kwa wengine, 33 na 25 ni mahali pazuri pa kuanzia. Ila usimwite mtu mgonjwa kwa namba moja. ALAT ya mtu mzima mwenye afya hupanda na kushuka asilimia 10 hadi 30 kutoka siku hadi siku. Rudia baada ya majuma manne hadi kumi na mawili, saa ileile, labo ileile. Ikizidi mara tano ya kikomo, au kuna manjano, kuchanganyikiwa, tumbo kujaa maji, damu kutoka ovyo, usisubiri majuma: apelekwe siku hiyohiyo.

Hesabu mbili za penseli

Hesabu hizi, FIB-4 na APRI, hukadiria makovu ya ini kwa namba za damu tu. Chukua mgonjwa wa miaka 48, ASAT 62, ALAT 49, plaketi 180 (elfu kwa mikrolita). FIB-4 ni umri mara ASAT, ugawe kwa plaketi mara kipeuo cha pili cha ALAT. Umri mara ASAT ni 2,976. Kipeuo cha 49 ni 7, na 180 mara 7 ni 1,260. Jibu ni 2.36. Chini ya 1.3 makovu makubwa ya ini hayatarajiwi. Juu ya 2.67 yanatarajiwa, katikati anahitaji kipimo kingine. Kwa aliyevuka miaka 65 kikomo cha chini huwa 2.0.

APRI ni rahisi zaidi: ASAT ugawe kwa kikomo chake, ugawe kwa plaketi, uzidishe kwa 100. Hapa 62 kwa 40 ni 1.55, kwa 180 na mara 100 ni 0.86. Kwa mwenye homa ya ini B, Shirika la Afya Duniani tangu 2024 linahesabu kuwa kuzidi 0.5 ni dalili ya makovu yanayostahili tiba.

Usizifanye hesabu hizi mtu akiwa na malaria au ametoka kubeba mizigo. Malaria inashusha plaketi, mizigo inapandisha ASAT, na namba itapiga kelele ya makovu ambayo hayapo.

Sasa jeni: Korea walifanya nini hasa

Tafiti za mapacha zimeonyesha kwamba kati ya theluthi moja na zaidi ya nusu ya tofauti za vimeng'enya hivi kati ya mtu na mtu hutokana na urithi. Hilo ni la kuaminika. Jeni zipi, na kwa nani, ndilo swali.

Korea ina mradi mkubwa wa jenomu na afya ya jamii unaofuatilia watu wapatao 210,000. Sehemu yake inayotajwa zaidi ni KARE: watu wazima wa miaka 40 hadi 69 kutoka Ansung, eneo la wakulima, na Ansan, mji wa viwanda, walioandikishwa kuanzia 2001. Baada ya kuondoa sampuli zisizofaa walibaki 8,842. Mwaka 2011 data hizo ziliunganishwa na za Wakorea wengine 3,703, zikahakikiwa kwa zaidi ya watu 30,000, wengi wao Wajapani. Kwa vipimo vya ini zilijitokeza alama kwenye kromozomu 12, eneo la 12q24, pamoja na 4q31 karibu na ZNF827 na 7q11 karibu na TBL2.

Eneo la 12q24 ndilo la kulielewa vizuri, kwa sababu linafundisha kusoma mengine yote. Humo mna jeni ya ALDH2, inayosafisha sumu ambayo pombe huzaa mwilini. Karibu Wakorea watatu kati ya kumi wana nakala dhaifu inayoitwa rs671. Wakinywa, uso unawaka, moyo unadunda, kichefuchefu kinakuja. Basi wengi wao hunywa kidogo au hawanywi kabisa. Asiyekunywa ana gamma-GT ya chini. Kwa hiyo alama iliyoonekana kushusha gamma-GT inapitia kwenye glasi: kwa sehemu kubwa inahesabu vinywaji. Nakala hiyo karibu haipo kabisa kwa Waafrika. Kuitafuta kwa mgonjwa wa Bukavu ni kutupa pesa.

Kuna jeni ya pili yenye uzito: PNPLA3 kwenye kromozomu 22. Badiliko lake la rs738409 liligunduliwa 2008 Marekani, kisha likathibitishwa Korea na Japani pamoja na jirani yake SAMM50. Protini iliyobadilika hung'ang'ania juu ya matone ya mafuta ndani ya seli ya ini na kuzuia mafuta yasiyeyushwe. Kila nakala hupandisha ALAT kwa uniti chache tu kwa wastani, lakini uzito ukiongezeka athari hukua sana. Kwa mtu mwembamba athari ya jeni hii huwa ndogo. Kwa mwenye kiuno kikubwa huongezeka. Ushauri kwa mwenye nayo na asiye nayo ni uleule: kupunguza uzito asilimia 7 hadi 10, kuacha vinywaji vitamu na pombe.

Kuhamisha namba ya Korea kuja Kivu, hatua kwa hatua

Ukikutana na makala inayosema jeni fulani inapandisha ALAT, fanya hivi.

Tafuta kwanza idadi ya watu, na kama matokeo yalirudiwa kwenye kundi la pili. Uwezekano wa bahati uwe chini ya 5 kwa 100,000,000. Makala ya watu 200 isiyo na marudio iweke pembeni.

Tafuta namba ya alama, ile inayoanza na rs, na herufi inayohesabiwa. Makala moja huhesabu herufi inayopandisha, nyingine inayoshusha, na nyingine husoma uzi wa pili wa DNA, ambapo C huwa G. Kosa hili hugeuza hatari kuwa kinga. Kwa rs738409 herufi ya hatari ni G, na herufi ya kawaida ni C, kwa hiyo uwezekano wa kuchanganya nyuzi ni mkubwa kuliko kawaida. Soma jina la badiliko la protini pia: I148M, ambapo M ndiyo ya hatari.

Fungua Ensembl (hifadhi ya jeni mtandaoni), andika namba ya rs, nenda kwenye sehemu ya mgawanyo kwa jamii. Wakongo hawamo kwenye mradi wa kimataifa wa jenomu 1,000, ambao makundi yake ndiyo utakayoyaona hapo. Walio karibu nasi kidogo ni Waluhya wa Webuye, Kenya, wenye alama LWK. Wayoruba ni YRI. Wakorea nao hawamo. Tazama JPT, Wajapani wa Tokyo, kama kivuli chao. Andika namba zote.

Sasa piga hesabu. Kwa Wakorea G ya PNPLA3 iko karibu 0.40. Wenye nakala mbili ni 0.40 mara 0.40, yaani 16 kati ya 100. Wenye moja ni 2 mara 0.40 mara 0.60, yaani 48. Kwa Waafrika wa mradi huo iko karibu 0.12: wenye nakala mbili ni 1.4 kati ya 100, wenye moja ni 21. Alama ileile, nguvu ileile kwa mwenye nayo, lakini uzito wake katika mji mzima ni mwingine kabisa. Jeni ya kinga ya HSD17B13, iliyotangazwa 2018, iko hivyohivyo: ya kawaida Asia ya Mashariki, adimu Afrika.

Kisha uliza kama alama ndiyo chanzo au ni jirani wa chanzo. Alama nyingi za KARE zilichaguliwa kwa sababu husafiri pamoja na badiliko la kweli. Kwa Waafrika vipande vya kromozomu vinavyosafiri pamoja ni vifupi, kwa kuwa jamii zetu ni kongwe na zimechanganya kromozomu kwa vizazi vingi zaidi. Alama inaweza kuwepo hapa huku chanzo hakipo. Ndiyo sababu alama za jumla za hatari, zinazojumlisha mamia ya rs, hupoteza nguvu: mwaka 2019 ilionyeshwa kwamba alama zilizojengwa kwa Wazungu hukisia vibaya kwa Waafrika kwa takriban mara nne na nusu. Zilizojengwa kwa Wakorea hazina sababu ya kufanya vizuri zaidi kwetu.

Mwisho, angalia kama waliondoa athari ya pombe, uzito na homa ya ini B. Kama hawakuondoa, rudi kwenye somo la glasi.

Jeni zinazostahili muda wako hapa

Makundi ya damu. Hili linapimika leo kwa matone mawili. Watu wengi wa kundi B na O humwaga fosfataze ya utumbo kwenye damu baada ya mlo wa mafuta, na jeni ya ABO imeonekana pia kwa Wajapani, 2010, kuwa na nguvu juu ya fosfataze alkalini. Mgonjwa wa kundi O aliyekula sambaza (samaki wadogo wa ziwani) za kukaanga saa tatu kabla ya kutolewa damu anaweza kuonekana ana njia ya nyongo iliyoziba. Mwite tena asubuhi, hajala kwa saa 12.

G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu. Upungufu wake ni wa kawaida katika nchi za malaria na huwapata zaidi wanaume, kwa kuwa uko kwenye kromozomu X. Baada ya primakwini au dapsoni chembe nyekundu hupasuka: ASAT, LDH (kimeng'enya kingine cha chembe hizo) na bilirubini isiyo ya moja kwa moja (rangi ya manjano ambayo ini bado halijaisafisha) hupanda, mkojo unakuwa mweusi, ALAT inabaki palepale. Hilo si ini. Pima hemoglobini mara moja.

UGT1A1, jeni inayosaidia ini kusafisha bilirubini. Nakala inayoitwa *28 ni ya kawaida sana Afrika, wakati Wakorea wana *6 zaidi. Bilirubini hupanda kidogo, mara chache hupita miligramu 3 kwa desilita, macho yanakuwa manjano mtu akifunga au akiugua homa, na vimeng'enya vyote ni vya kawaida. Huitwa hali ya Gilbert. Haihitaji dawa, haihitaji mti wowote wa kuchemsha.

NAT2. Hii ndiyo tunayoitilia mkazo zaidi, kwa sababu ya kifua kikuu. Jeni hii husafisha izoniazidi. Wanaosafisha polepole ni kama mmoja kati ya kumi kwa Wakorea, na kama nusu katika sehemu nyingi za Afrika. Hao ndio wanaopata sumu ya ini kwa urahisi zaidi. Huna haja ya kupima jeni ili kutenda. Pima ALAT kabla ya kuanza dawa, na uwe macho zaidi miezi miwili ya kwanza, hasa kwa mnywaji, mwenye homa ya ini B au C, na mwenye zaidi ya miaka 50. Dawa husimamishwa na daktari ALAT ikizidi mara tatu ya kikomo pamoja na kichefuchefu, maumivu au manjano, au mara tano bila dalili yoyote. Vitamini B6 anayopewa mgonjwa hulinda mishipa ya fahamu ya miguu na mikono, ini hailindi. Mgonjwa asijisimamishie dawa mwenyewe hata kwa siku mbili.

Usikimbilie jeni ya HFE ya chuma kuzidi. Badiliko lake kuu, C282Y, ni la Wazungu, na ni adimu Afrika kama lilivyo adimu Korea. Kijana aliye chini ya miaka 40 mwenye ini baya na mikono inayotetemeka, bila virusi wala pombe, afikiriwe ugonjwa wa Wilson (shaba kuzidi mwilini): pima seruloplazmini (protini inayobeba shaba) na uangalie pete ya kahawia pembezoni mwa konea, kioo cha mbele ya jicho.

Ukiombwa damu kwa utafiti wa jeni

Uganda imefungua njia: mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jenomu za watu wapatao 6,400 wa Kyamulibwa, kusini-magharibi mwa nchi, vipimo vya ini vikiwemo. Kivu inahitaji kazi kama hiyo, na mwenye kuombwa ana haki ya kuuliza damu itakwenda nchi gani, itatunzwa miaka mingapi, nani ataitumia tena, na kama akikutwa na homa ya ini B ataambiwa.

Kwa DNA, chukua mililita 3 hadi 5 kwenye bomba la EDTA, lenye kifuniko cha zambarau. Usitumie heparini, inazuia kunakili DNA kwenye mashine ya PCR. Geuza bomba taratibu mara nane hadi kumi, liweke kwenye nyuzi 4, na DNA itolewe ndani ya siku chache. Pale umeme hautegemeki, tumia karatasi ya kuchujia: jaza duara tano kwa tone moja moja bila kurudia juu ya tone, zikauke kivulini angalau saa nne, kisha karatasi iingie kwenye mfuko unaofungwa pamoja na kifuko cha silika. Chembe za silika zikibadilika rangi, unyevu umeingia, badilisha kifuko. Kwenye karatasi andika namba ya siri, tarehe na saa, bila jina la mtu. Bomba kavu la vimeng'enya lichukuliwe saa hiyohiyo, na fomu iwe na nafasi ya kujaza homa, mizigo, kasiksi, dawa na antijeni HBs, kwa sababu jeni isiyo na fomu hiyo haitasomeka.